Gitaa Lenye Ulimi

Fundi alikuwa akigonga kila kitu kilichotokana na mti. Nianzie hapo, kwa sababu ndivyo watu wengi wa Mudzipela, mtaa wetu hapa Bunia, walivyomjua kwanza. Walisikia mlango wao ukigongwa, wakasema karibu, na hakuna aliyeingia. Fundi hakuwa na haja ya kuingia. Alikuwa akisikiliza mlango.

Aligonga meza, vinu, madawati ya kanisa, mabenchi ya hospitali. Alikunja kidole cha kati, akagonga mara moja, akainamisha kichwa upande kama kuku anayechungulia mdudu, kisha akatoa hukumu: hii nzuri, hii ilikufa zamani. Siku moja mimi na yeye tuliitwa pamoja kwenye ofisi ya chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, kwa sababu maranda ya Fundi yalikuwa yakipeperuka hadi katikati ya njia. Chef alianza kumkaripia. Fundi akawa anagonga meza yake polepole, kwanza katikati, halafu pembeni.

"Papa Fundi, unanisikia?"

"Nakusikia, Chef. Lakini hii meza, nani alikupatia?"

"Niliikuta humu."

"Usiache batu banaandika juu yake. Iko libuyu, mbao ya zamani ya pori ya Mambasa. Inaimba kupita kwaya yenu."

Chef, ambaye alikuwa mwimbaji wa kwaya, aliinama akaigonga mwenyewe. Maranda yalisahauliwa. Baadaye ofisi ilipopata meza ya chuma, ile ya zamani ilifika kwetu juu ya mkokoteni, na Chef alikuwa akitembea nyuma yake taratibu kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Nasema "kwetu" kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi kwenye veranda ya Fundi. Yeye alitengeneza magitaa, mimi nilishona nguo. Baba yetu alifariki kwanza, mama akamfuata, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikakaa nyuma ya cherehani ya mama. Majirani walikuja kutupa pole, na wengi wao waliitazama ile cherehani kwa jicho la kuipima. Fundi alikuja, hakusema pole. Aligonga meza ya cherehani.

"Hii meza imekunywa maji," alisema. "Nyumba yenu inavuja. Lete kwangu, kwenye veranda iko kavu."

"Nitakulipa nini, Papa?"

"Gitaa zangu ziko uchi. Utazivalisha."

Basi nikawa nashona mifuko ya magitaa asubuhi na nguo za watu mchana, na wadogo zangu walikula, walivaa, walisoma. Aliniita Mukubwa tangu siku ile. Sijui kama aliwahi kulijua jina langu.

Sasa niseme jambo lenyewe. Gitaa lililomfanya Fundi awe Fundi halikuwa lake. Lilikuwa la dereva wa lori, mtu wa Mahagi, aliyelinunua ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwenye soko la vitu vilivyokwisha kutumika. Lilikuwa gitaa la Japani. Daraja lake, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi pale tumboni, lilikuwa limebanduka. Dereva alilileta, akasema anashuka Komanda na mzigo na atalichukua akirudi. Hakurudi. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Malori yalipita na madereva wengine. Fundi alikuwa ameshabandika lile daraja jioni ile ile.

Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza magitaa ya aina tunayoijua sote: sanduku, shingo, na waya za breki ya pikipiki. Alipoligonga lile la Japani, alisema, miguu yake ilimwambia akae chini, naye akakaa, juu ya kopo la rangi lililokuwa wazi. Mkewe alihifadhi ile suruali kama ushahidi.

Hapa kwetu, kitu kisichochukuliwa kwa fundi kinakuwa cha fundi. Redio zimeuzwa hivyo, viatu vimeuzwa hivyo, nami nimeuza sketi zaidi ya moja. Lakini lile gitaa hakuliuza. Kwaya mbili zililitaka kwa wakati mmoja na kukasirikiana kwa ajili yake.

"Mwenyewe atakuya," Fundi aliwajibu.

"Na kama alikufa, Papa?"

"Basi atachelewa."

Hata hivyo hakuwa akimngoja kwa moyo mmoja. Gitaa lile lilikuwa mwalimu wake. Kila alilotaka kujua, unene wa mbao, mpindo wa kiuno, mahali pa kuweka kila ubavu wa ndani unaoushikilia uso, alilipima lile kwa uzi na kidole, akalinganisha. Kila siku aliyokaa nalo ilikuwa siku ya kuazima. Lori lilipopunguza mwendo mbele ya karakana, mikono yake ilisimama. Lilipopita, iliendelea. "Akuye," aliniambia, "lakini asikuye leo. Leo sijamaliza." Sote tulijua alichokuwa akikiogopa: kwamba siku gitaa litakapoondoka kabla hajalimaliza, atarudi kwenye masanduku na waya za breki, mtu aliyeonjeshwa na kunyang'anywa.

Alipolichunguza kwa ndani, akiingiza kioo changu cha mkononi na taa ya simu kupitia tundu, aliona kitu ambacho hakuwa amekitarajia. Chini ya ule uso wa mbele, karibu na tundu, palibandikwa kipande chembamba cha mbao, kirefu kama kidole, kikiwa kimelala mshazari peke yake, mbali na mbavu nyingine. Pembeni mwake palikuwa na mistari midogomidogo, iliyopangwa kwa nafasi sawa, mizuri kabisa. Sehemu nyingine ilifunikwa na gundi. Fundi aliinua uso wake kutoka kwenye tundu, akanitazama kama mtu aliyekuta mlango wa pili ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mukubwa, iko na ulimi."

Tangu siku hiyo hakutengeneza gitaa lisilo na ulimi. Alichonga kipande kile kile, akakilaza mshazari ule ule, na mistari aliichoma moja moja kwa msumari wa moto, akizuia pumzi. Nilimwuliza mistari ile ni ya nini.

"Sauti ikipita pale, inahesabiwa."

"Inahesabiwa na nani?"

"Japani wanajua. Weye shona."

Habari za ulimi zilienea. Wateja walikuja na vioo vyao, wakachungulia kabla ya kununua. Vijana wa kwaya walisimama foleni kuangalia ndani ya gitaa kama watu wanaoangalia maiti ya mkuu. Fundi mwingine, kule Komanda, alianza kuweka ulimi kwenye magitaa yake pia, ila wake hauna mistari, na Fundi wetu alipoonyeshwa moja alilirudisha kwa huruma. "Hii iko bubu," alisema. "Masikini, inafungua kinywa tu." Nami nikiri kwamba nilisikia tofauti. Kila mtu alisikia.

Mdogo wangu anayenifuata ndiye aliyetuletea historia. Alipopata simu nzuri alitafuta video ya kiwanda kilicholitengeneza lile gitaa la Japani, akatukusanya kwenye veranda, akawa anatusomea maandishi ya Kifaransa yaliyopita chini ya picha. Tuliona mji mdogo wenye milima nyuma yake. Tulisikia kwamba kiwanda kilianza kama karakana ya familia moja, watu wachache ndani ya chumba, wakitengeneza vyombo vidogo vya nyuzi. Akaja mtu mmoja aliyejua kuchora, akabadilisha mbavu za ndani. Miaka ikapita, wanamuziki wakalalamika kwamba ngoma zinawameza, na ndipo wale watu wakaweka masikio chini ya nyuzi, kila uzi na sikio lake, ili sauti iende moja kwa moja kwenye spika.

Fundi alikaa, mikono mapajani. Kisha akatokea mzee wa Kijapani mwenye kofia na aproni. Alishika ubao mwembamba kwa vidole viwili, akaunyanyua karibu na sikio, akaukunjia kidole, akaugonga mara moja. Akainamisha kichwa upande.

Fundi alisimama, akashuka uani, akazunguka mti wa mparachichi, akarudi.

"Rudisha pale," alisema.

Mdogo wangu alirudisha. Yule mzee akagonga. Fundi, akiwa amesimama, akagonga mlango wa karakana.

"Rudisha."

Tulirudisha hadi simu ikaanza kuwa moto. Fundi alicheka kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mzima, kicheko kilichomwanzia magotini, na mkewe alipokuja kuuliza nini kimetokea, hakuweza kumjibu, akawa anaonyesha kidole chake kilichokunjwa. Miaka yote ile watu walikuwa wamemwambia ana kichaa kidogo. Kumbe kulikuwa na mwenzake.

Baadaye mdogo wangu alisema, "Lakini Papa, ulimi hawakuuonyesha."

"Weye ungeonyesha?" Fundi alimwuliza. "Nani anaweka siri yake mu telefone?"

Kuanzia hapo historia ya Japani ikawa mali ya Fundi, na kama mali yoyote aliyoipata, aliifanyia matengenezo. Katika Japani yake kulikuwa na mbuzi. Kulikuwa na vumbi jekundu na chef wa quartier anayelalamikia maranda. Mke wa yule mzee aliyeanzisha karakana alipika gundi kwenye sufuria ya wali, wakagombana juma zima.

"Kwenye ile karakana ya kwanza," aliwaambia wateja, "walikuwa watu watano na nusu."

"Na nusu, namna gani?"

"Mumoja alikuwa muvivu."

Mdogo wangu alijaribu kumrekebisha. "Papa, video haikusema vile."

"Video ilifika juzi. Mimi niko nasema ya zamani."

Neno lake kubwa lilikuwa "Japani hawangefanya vile." Alilisema kuhusu mashimo ya barabara, kuhusu mahubiri marefu, kuhusu mapindo ya sketi zangu. Jirani alipomwacha mkewe, Fundi alifikiri sana, akasema Japani hawangefanya vile. Hakuwahi kufika hata Kampala.

Kisha akataka masikio. Gitaa la dereva lilikuwa nayo, sita, yamejipanga chini ya nyuzi kama vifaranga chini ya mama yao. Fundi hakuthubutu kuyafungua. Aliulizia kwa watengenezaji wa simu, akaambiwa ndani ya saa za ukutani, zile za kengele, kuna kisahani chembamba cha shaba kinachopiga kelele, na kwamba kikifungwa kwa waya kinaweza pia kusikia. Saa za Mudzipela zikaanza kupotea. Nasema zilipotea kwa heshima. Alikuja kwako, akaisifu saa yako, akaigonga, na mwisho ukampa ili aondoke. Kuna kipindi watu wa mtaa wetu wote walikuwa wakitegemea misikiti na kanisa kujua wakati.

Gitaa la kwanza lenye masikio lilipelekwa kanisani Jumapili ya mwisho wa mfungo. Mpigaji alikuwa kijana mwembamba aliyefunga kwa bidii. Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri mno, kila uzi peke yake, safi, na ngoma ziliona haya. Watu waligeuka kuangalia spika. Fundi alikuwa ameketi benchi la mbele, ameshika kofia kwa mikono miwili. Kisha pasta akasema tuombe, na kanisa zima likanyamaza.

Kutoka kwenye spika ikatoka ngurumo. Ilikuwa ndefu, ikapanda, ikashuka, ikamalizia na kamlio kadogo ka kuuliza. Ilikuwa tumbo la mpigaji. Gitaa lilikuwa limelala juu yake, na yale masikio hayakuchagua. Kijana alijaribu kulikandamiza, na ngurumo ya pili ikaja kubwa zaidi. Mama mmoja nyuma yetu akasema "Amina" kwa nia njema. Pasta aliendelea kuomba, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, kanisa zima lilishindwa kujizuia. Watu walilia kwa kucheka. Walishikana.

Nilidhani Fundi ataaibika. Alinigeukia, macho yamejaa maji.

"Mukubwa, umesikia? Inasikia mpaka njaa."

Mbao zake zilikaushwa juu ya moto wa mkewe, kwenye dari ya jikoni, kwa miezi. "Jikoni mwangu kuna wageni kupita sebuleni," Mama, ndivyo tulivyomwita mkewe, alikuwa akisema, akiinama kupita chini yao. Ndiyo maana magitaa ya Fundi yote, hata yakipakwa rangi namna gani, yalinukia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Ziwa Albert. Nyuso za mbele alizitoa kwenye paleti za msonobari, vichanja vinavyowekwa chini ya mizigo ya mashirika ya misaada. Gitaa moja lilibaki na neno "fragile", yaani chepesi kuvunjika, kwenye tumbo, kwa sababu mistari ya mti ilikuwa imenyooka vizuri hapo hapo, na Fundi alikataa kuipoteza kwa ajili ya wino. Watu kutoka mitaa mingine walikuja kuulizia gitaa la aina ya Fragile. Mwanzoni alikasirika. Halafu akawa anasema, "Fragile zimeisha, ngoja mwezi ujao."

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alitengeneza magitaa na hakujua kupiga. Wimbo mmoja alioujua aliukosea mahali pale pale kila mara, na hakuruhusu umwonyeshe. Alijisifu kutwa, lakini hakuandika jina lake juu ya gitaa lolote. Alipenda utulivu na alikuwa na sauti ya kuuza mbuzi sokoni. Mchimba dhahabu mmoja alikuja kutoka migodini, amevaa viatu vyeupe, akataka gitaa lenye dhahabu kichwani na shingoni. Alitoa kipande kidogo kutoka kwenye karatasi. Fundi alikiweka juu ya meza, akakikunjia kidole, akakigonga.

"Hakuna kitu," alisema, akamrudishia. "Hii haisemi. Iko inang'aa tu, kama shemeji yangu."

Mchimbaji aliondoka na gitaa la kawaida, akicheka peke yake njiani.

Na dereva akarudi.

Lilikuwa lori kama malori mengine. Lilipunguza mwendo, mikono ya Fundi ikasimama, nami nikangoja lipite. Halikupita. Akashuka mwanaume mnene, mwenye mvi kidogo, akavuka njia huku akipangusa uso.

"Fundi," alisema. "Nilikawia kidogo."

Fundi alimtazama. Kisha akaenda ndani, akalileta gitaa, likiwa ndani ya mfuko wa kitenge nilioushona mwenyewe, akalitoa, akampa. Dereva alieleza kwamba barabara ilipofungwa alibaki upande wa Kisangani, akapata kazi ya kubeba mbao, akapata pia mke, na sasa amerudi kwa sababu binti yake wa Mahagi anaolewa, naye baba anataka kulipiga gitaa lile kwenye harusi. Alipitisha vidole kwenye nyuzi. Sauti ikajaa veranda.

"Yesu," alisema. "Halikuwa hivi. Umelitunza."

"Ilinitunza," alisema Fundi.

Dereva alitabasamu, akachungulia kwenye tundu kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha. "Na ile kitu yangu iko bado?"

"Kitu gani?"

"Ile rula. Mutoto alikalia hii gitaa, ikapasuka pale ndani. Nikavunja rula yake ya masomo, nikabandika. Alilia siku mbili, hapana kwa gitaa, kwa rula."

Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, na cherehani ilisimama katikati ya mshono. Nilimwangalia Fundi. Nyuma yake ukutani yalining'inia magitaa aliyokuwa akiyamalizia, na ndani ya kila moja kulikuwa na sentimita za mtoto wa shule zilizochomwa kwa msumari wa moto.

Fundi akauliza, kwa upole sana, "Ulibandika na gundi gani?"

"Ile ya viatu."

"Ya viatu."

"Njo hiyo tu nilikuwa nayo, Fundi."

"Gundi ya viatu," Fundi alirudia, "mu gitaa ya Japani." Ni hapo tu alipoonekana kuumia. Alimgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni. "Umesikia, Mama? Ya viatu." Mama alikuwa ameingiza ncha ya kitenge mdomoni asicheke, na haikumsaidia. Alianza yeye, nikafuata mimi, dereva akafuata bila kujua ni kwa nini, na Fundi akatutazama mmoja mmoja, uso wake ukipambana, mpaka kicheko kikamshinda naye.

Tulipotulia, dereva alilipandisha gitaa kwenye lori, akaondoka kwenda Mahagi. Fundi alisimama njiani hadi vumbi likatua.

Kicheko kile hakikumaliza mambo. Siku zilizofuata hakushika randa. Alikaa, akachukua ubao, akaurudisha. Nilimwuliza ni nini.

"Kama ulimi ilikuwa rula," alisema, "basi mengine je? Ile mbavu ya tatu, labda nayo ni mutu alikosea. Ile kiuno, labda iliachwa kwenye jua. Nilipima vyote sawasawa, Mukubwa. Sijui kipi cha Japani na kipi cha ajali."

Kwaya zilikuja kuagiza, akazielekeza Komanda, kwa yule wa ndimi bubu. Hapo nilijua amekwama kweli. Alitengeneza viti. Viti vizuri, sisemi vibaya, lakini hakuvigonga.

Wakati huo mimi nilipata nafasi ya kukodi chumba karibu na soko kubwa, nikahamia huko na cherehani. Wadogo zangu wawili wa mwisho walikuwa wamemaliza shule, na mmoja alikuwa tayari akishona pamoja nami. Veranda ya Fundi ilibaki na viti vyake. Nilipita kumsalimia Jumapili. Aliniuliza habari za kazi, nikamwuliza za kazi, tukaongea mvua.

Halafu asubuhi moja, nilikuwa nimekata gauni la mteja juu ya meza, mlango ukagongwa. Nikasema karibu. Hakuna aliyeingia. Nikatoka mbio, na chaki mkononi.

Alikuwa na mbao mbili kwapani, zimefungwa kwa uzi. Hakunisalimu.

"Mukubwa, unichoree mutu."

"Mutu gani, Papa?"

"Mama. Mwenye kuzaa tatu, nne. Anatembea sokoni bila haraka." Alikuwa ameshaingia, ameshasukuma gauni la mteja pembeni, ametandaza karatasi ya kaki juu ya meza yangu. "Kiuno yake tu. Mabega na kiuno. Kichwa nitaweka mimi."

"Kwa nini mimi?"

"Weye umekata viuno vya Bunia yote. Mimi nilikata kiuno moja tu, tena ya watu wa Japani."

Nilisimama na chaki yangu. Sijawahi kuogopa karatasi kama siku ile. Nikawafikiria wanawake ninaowashonea, wanavyosimama nikizungusha uzi wa kupimia, wanavyovuta tumbo ndani na ninavyowaambia walirudishe. Nikachora upande mmoja kwa mkono, bila kuinua chaki. Nikakunja karatasi katikati, nikakata kama tunavyokata mbele ya gauni, nikaikunjua.

Fundi aliitazama, kichwa upande.

"Chini ongeza," alisema.

"Papa, nikiongeza ataonekana ana mimba."

"Njo vizuri. Sauti itakaa wapi?"

Niliongeza. Mdogo wangu kwenye cherehani ya pili alisema yule mama anafanana na mke wa pasta, na Fundi akasema afunge mdomo, kisha akaitazama tena karatasi, akasema ni kweli. Tukaanza kucheka, na mteja aliyekuja kuchukua gauni lake alikuta gauni sakafuni, na mshonaji wake na mzee mmoja wameinamia mwanamke wa karatasi asiye na kichwa.

"Na ulimi?" nilimwuliza alipokuwa akikunja karatasi. "Utaweka?"

Alishangaa kwamba nauliza. "Nitaweka. Kuanzia hapa mpaka Mambasa, nani atanunua gitaa haina ulimi? Ile njo yetu sasa. Rula ya mutoto wa Mahagi, gundi ya viatu, mimi nikaleta msumari. Japani wakitaka, wakuye wapime."

Alirudi wakati maparachichi yalipoanza kuanguka. Gitaa alilolibeba lilikuwa pana chini, jembamba katikati, la libuyu, na harufu ya jikoni kwa Mama ilifika kabla yake. Alilishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwingine. Niliona uso wake na nikaelewa kwamba alikuwa bado hajalipiga. Alikuwa amelibeba kutoka Mudzipela, juu ya pikipiki, kwenye vumbi lote lile, ili asiwe peke yake.

Mdogo wangu alisimamisha cherehani. Nami nikasimamisha yangu. Nje soko liliendelea na kelele zake.

Fundi aliketi, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote, mara moja, taratibu.

Halikusikika kama lile la dereva. Lilikuwa na sauti nene zaidi, ya chini, kama mtu anayecheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Ilikaa ndani ya chumba, ikazunguka kwenye vitenge vilivyoning'inia, ikapungua polepole. Fundi hakusogea hadi ilipokwisha kabisa. Hata ilipokwisha aliendelea kungoja kidogo, kama kwamba ingeweza kusahau kitu na kurudi.

Kisha akaliweka gitaa juu ya meza, akalisukuma pembeni kwa kiwiko, akavuta karatasi mpya ya kaki na kuitandaza mbele yangu.

"Chora ingine," alisema. "Binti, bado hajaolewa."